Blaise Pascal na Mchezo Uliokatika

Likizo iliyopita, nyumbani Binza, vijana wawili walikuwa wakicheza karata chini ya mti. Kila mmoja aliweka shilingi 2,000, na wa kwanza kushinda mara tatu angechukua zote. Mmoja ameshinda mara mbili na mwenzake mara moja, mvua ikawakatisha. Anayeongoza akadai zote. Mwenzake akataka kila mtu arudishiwe zake. Nusura wapigane. Nikamkumbuka Blaise Pascal.

Pascal alizaliwa Clermont, Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Alifiwa na mama akiwa na miaka mitatu, akafundishwa nyumbani na baba yake, Étienne. Baba alipopewa kazi ya kodi mjini Rouen, kijana huyo, akiwa na miaka 19, alianza kumtengenezea mashine ya kujumlisha na kutoa.

Mwaka 1654 bwana mmoja mpenda kamari, Chevalier de Méré, alimletea swali kama lile la Binza. Pascal akaandikiana barua na Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Barua hizo ziliweka msingi wa hesabu za uwezekano.

Pascal hakutazama mizunguko iliyopita, bali iliyobaki. Tuseme mzunguko ujao ni kuchomoa karata moja kati ya 52. Kopa na uru ni 26, shupaza na pau ni 26: nusu kwa nusu. Ikitoka nyekundu, anayeongoza anapata 4,000. Ikitoka nyeusi, wanalingana, kila mmoja 2,000. Basi 2,000 ni zake kwa vyovyote. Zinazobaki zigawanywe sawa: yeye 3,000, mwenzake 1,000.

Novemba 23 mwaka huohuo, Pascal aliguswa na Mungu katika sala ya usiku. Aliandika habari zake kwenye karatasi, akaishona ndani ya koti. Ilikutwa baada ya kifo chake. Hakukosa kasoro: barua zake kali dhidi ya Wajesuiti zilipigwa marufuku na Kanisa mwaka 1657. Lakini mwaka 1662, mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi alipougua ndui, Pascal, naye mgonjwa, alihama yeye nyumba ili mtoto asihamishwe. Alifariki Agosti 19, akiwa na miaka 39.

Vijana wale waligawana 3,000 na 1,000. Hesabu ilimaliza ugomvi. Kuacha kamari ni hatua nyingine, na hiyo hesabu peke yake haitoshi.