Krapf: Kijana wa Kijerumani aliyemzika mkewe Mombasa, akabaki kuandika Kiswahili

JULAI 13, 1844, katika nyumba moja mjini Mombasa, mwanamke Mjerumani aliyeitwa Rosina alikata roho siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mumewe alikuwa kitandani mwenyewe, ametiwa nguvuni na homa, na ilimbidi ajikokote kutoka malazi yake ili kuhakikisha kwamba kweli mkewe ameaga dunia. Siku mbili baadaye kile kichanga nacho kikafariki.

Mume huyo, Johann Ludwig Krapf, alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa ameishi Mombasa kwa miezi michache tu. Hakuwa na Mzungu mwenzake wa kazi, hakuwa na mwumini hata mmoja, na lugha ya wenyeji ndiyo kwanza alikuwa akijifunza. Wengi wangetarajia apande jahazi la kwanza lielekealo Aden na kurejea kwao. Hakufanya hivyo, na uamuzi huo ulikuja kugusa historia ya lugha ya Kiswahili, ya Ukristo katika Afrika Mashariki na hata ya ramani ya bara hili.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya wakulima. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi mingi. Ni katika kulala huko kitandani ndiko alikoanza kuisoma Biblia kwa bidii na kutafakari juu ya maisha ya milele.

Alipopona alipelekwa shuleni Tübingen. Huko ndiko alikopata ramani ya Afrika na kushangaa kwa nini upande wa mashariki una majina machache mno. Udadisi wa mvulana huyo ulikutana baadaye na mafundisho aliyoyasikia kuhusu kazi ya kueneza Injili ng'ambo, na mnamo 1827 akajiunga na chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi.

Hata hivyo, safari yake ya imani haikuwa njia iliyonyooka. Mwaka wa 1829 aliingiwa na shaka kama kweli ameitwa kwa kazi hiyo, akaacha chuo na kurudi masomoni nyumbani. Alihudumu kwa muda kama kasisi msaidizi, kisha mmishenari mmoja aliyekuwa rafiki yake akamrejesha katika azma yake ya awali. Mnamo 1837 alitumwa Uhabeshi na shirika la wamishenari la CMS lenye makao yake London.

Huko alifanya kazi kwanza Adwa, akafukuzwa mwaka wa 1838. Halafu akakaa katika ufalme wa Shoa chini ya Mfalme Sahle Selassie kuanzia 1839 hadi 1842. Alijifunza Kiamhari na Kigeez, akakutana na Waoromo, na kuvutiwa sana na matumaini ya kuwahubiria. Mwaka wa 1842 aliteremka hadi Misri kumpokea mchumba wake, Rosina Dietrich, na wakafunga ndoa huko. Rosina alikuwa awali ameposwa na mmishenari mwingine, ambaye alifariki akiwa safarini kwenda Afrika.

Walipojaribu kurejea Shoa walizuiwa. Mnamo 1843 wakajaribu kuingia kupitia Massawa, na humo njiani, nyikani, Rosina akajifungua binti yao wa kwanza. Walimwita Eneba, jina lenye maana ya chozi katika Kiamhari. Mtoto huyo hakuishi. Baada ya milango yote ya Uhabeshi kufungwa, Krapf akakata shauri kuwafikia Waoromo kutoka kusini, kwa kupitia pwani ya Waswahili.

Safari ya baharini kutoka Aden mwishoni mwa 1843 nusura iwe ya mwisho. Chombo chao kilipigwa na dhoruba na kuanza kujaa maji, na wao wakaokolewa chupuchupu. Walipanda chombo kingine, wakafika Mombasa mwanzoni mwa Januari 1844, kisha wakaendelea hadi Unguja.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar ambaye tangu 1837 alikuwa ameitia Mombasa mikononi mwake baada ya kuwashinda Mazrui, aliwapokea kwa heshima. Alimpa Krapf barua ya kuwaagiza magavana wake wamsaidie, akimtaja kuwa mtu mwema anayetaka kuwaleta watu kwa Mungu. Hapana budi kukumbukwa kwamba misheni ya kwanza ya Kikristo ya zama hizo katika nchi ambayo leo ni Kenya ilianza kwa hisani ya mtawala Mwislamu.

Krapf aliona Unguja si mahali pake. Nia yake ilikuwa bara, na Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango. Wakahamia huko mwezi Mei 1844, wakaanza maisha ambayo kwa nje hayakuwa na jambo kubwa la kusimulia. Siku zake zilipita katika kuuliza majina ya vitu, kuyaandika, kuyasahihisha na kuuliza tena. Hakukuwa na kitabu chochote cha sarufi wala kamusi ya kumwongoza. Kila kitenzi na kila ngeli ilibidi aitafute katika vinywa vya watu.

Waswahili walikuwa na maandishi yao ya hati za Kiarabu kwa karne nyingi, na mashairi yaliyofikia kiwango cha juu. Krapf aliyathamini kiasi cha kukusanya miswada ya tenzi na kuituma Ujerumani, ambako baadhi yake ilihifadhiwa Halle. Lakini kwa kazi yake alichagua herufi za Kirumi, akihofia kwamba hati za Kiarabu zingewavuta wasomaji wake kuelekea Uislamu. Uamuzi huo ulikuwa wa kidini kabla ya kuwa wa kitaalamu. Mkondo huo wa kutumia herufi za Kirumi ukaja kufuatwa na wamishenari wengine na baadaye serikali za kikoloni.

Juni 8, 1844 alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili cha Mombasa. Katika kuisahihisha tafsiri hiyo alisaidiwa na kadhi mmoja wa mji huo. Ni taswira ya kustaajabisha: msomi wa Kiislamu na mmishenari wa Kikristo wameinama juu ya karatasi moja, wakitafuta neno lifaalo kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847.

Ilikuwa ni mwezi mmoja tu baada ya kuianza kazi hiyo ambapo homa iliingia nyumbani mwake. Rosina alijifungua Julai 6. Alipojua kwamba hatapona aliomba dua kwa ajili ya jamaa zake, mumewe, Afrika Mashariki na hata Sultani. Kisha akaomba azikwe ng'ambo ya maji, upande wa bara, ili kaburi lake liwe ukumbusho kwa watu wapitao kuingia na kutoka mjini. Mumewe alitimiza ombi hilo, na mtoto naye akazikwa huko. Mahali hapo, upande wa Nyali, ndipo uliposimamishwa mnara wa kumbukumbu ya Krapf.

Katika barua aliyoiandikia kamati ya CMS baada ya msiba huo, Krapf hakuomba kurudishwa nyumbani. Aliwaarifu marafiki wa misheni kwamba sasa kuna kaburi la upweke katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa mapambano katika upande huu wa dunia yameanza. Kwake yeye, ushindi wa kanisa daima ulipita juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yalikuja kurudiwa mara nyingi katika historia za kanisa. Hata hivyo ni vyema kukumbuka kwamba aliyeyaandika alikuwa mgonjwa, mjane na mpweke, na kwamba imani hiyo alilazimika kuiishi asubuhi baada ya asubuhi.

Kwa karibu miaka miwili alikaa bila mwenzake, akiendelea na lugha na kuvuka mara kwa mara kwenda vijijini mwa Wamijikenda, ambao wageni wa zama hizo waliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe huliona kuwa la dharau. Mwezi Juni 1846 ndipo alipowasili Johannes Rebmann, kijana mwingine kutoka kusini mwa Ujerumani. Wazee wa Rabai Mpya wakawakubalia kuishi kwao.

Siku ya kuhama, Agosti 1846, wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda katika kuukwea mlima kuelekea Rabai. Krapf aliandika baadaye kwamba huenda hakuna misheni iliyowahi kuanzishwa katika unyonge kama ule. Nyumba yao ilikuwa ya udongo iliyoezekwa makuti, na katika ujenzi wake wamishenari wenyewe walishika kazi za mikono kama vibarua.

Mavuno yalikuwa haba mno. Watu wa Rabai walikuwa na dini yao, kaya zao takatifu na wazee wao wenye hekima, wala hawakuona sababu ya kuvitupa kwa ajili ya neno la mgeni. Krapf naye hakuwaelewa kila mara. Maandishi yake kuhusu mila zao yana hukumu kali ambazo msomaji wa leo hawezi kuzipokea bila kusita. Mwamini wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kwa mahesabu ya kawaida, miaka ile yote ilizaa takriban mtu mmoja, naye akaenda kaburini.

Lakini kalamu haikulala. Mnamo 1848 Injili ya Luka ilichapishwa Bombay kwa lugha ya watu wa Rabai. Mwaka wa 1850 sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa Tübingen, ya kwanza ya aina yake. Wakati huohuo wamishenari hao walikuwa wakisafiri bara kutafuta njia ya kuanzisha mlolongo wa vituo kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi.

Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Mwaka huohuo Krapf alifika Usambara kwa Mfalme Kimweri. Desemba 3, 1849, akiwa Kitui katika himaya ya Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, Krapf aliona kwa mbali mlima ambao wenyeji wa huko waliujua tangu enzi na enzi. Aliliandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, na ni jina la mlima huo ambalo nchi ya Kenya ilipewa mwaka wa 1920. Wataalamu kadhaa wa jiografia Ulaya, akiwemo William Desborough Cooley, waliwadhihaki, wakikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Muda uliwaumbua.

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi Ukambani na nusura afe. Karibu na Mto Tana msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akitembea usiku na kujificha mchana. Alijaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake ili asife kiu njiani. Aliporudi Rabai ndoto ya mlolongo wa misheni ilikuwa imepata pigo kubwa.

Afya yake ilipozidi kudhoofika aliondoka mwaka wa 1853, na baada ya kujaribu tena kupitia Uhabeshi akarejea Ujerumani mnamo 1855. Alikuja tena mwaka wa 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao cha Ribe, lakini mwili haukumruhusu kubaki. Rebmann yeye alibaki Rabai hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, na akafariki mwaka uliofuata.

Krapf aliendelea na kamusi yake katika mji wa Korntal. Alifariki huko Novemba 26, 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake kama mtu aliyekuwa akisali. Alizikwa karibu na Rebmann. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata, 1882, bila yeye kuiona.

Waliomtuma kutoka Ulaya walitarajia hesabu ya waumini. Alichowaachia watu wa pwani na bara zaidi ya yote ni maneno yao wenyewe, yaliyokusanywa moja moja na mgeni aliyekuwa na homa, ambaye hakujua kama yupo atakayeyasoma. Huko Rabai kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Na ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa, wapitao Nyali hupita karibu na mahali alipolazwa Rosina na mwanawe, kama mwenyewe alivyotaka.