Charles Wheatstone, mtu aliyegundua siri ya macho mawili

Mtu anayetumia miwani ya macho akipewa kifaa cha uhalisia pepe, swali lake la kwanza huwa ni hili: aivue miwani yake au abaki nayo? Ili kulijibu tunarudi Uingereza ya karne ya 19, kwa mtoto wa muuza ala za muziki.

Charles Wheatstone alizaliwa Februari 6, 1802, Barnwood, karibu na Gloucester. Akiwa kijana alijifunza kazi London kwa ami yake, aliyekuwa na duka la ala za muziki. Hakusoma chuo kikuu, lakini mwaka 1834 aliteuliwa kuwa profesa wa King's College. Alikuwa na haya nyingi mbele ya hadhira, kiasi kwamba mwanasayansi Michael Faraday ndiye aliyesimama kutoa baadhi ya mihadhara kuhusu kazi zake.

Nyoosha kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha ufumbe la pili. Kidole kinaonekana kuhama, kwa sababu kila jicho linapata picha yake. Mwaka 1838 Wheatstone aliieleza Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi kwamba ubongo hutumia tofauti hiyo kutambua kina cha vitu. Alithibitisha kwa vioo viwili vilivyounganishwa kwa pembe mraba, na michoro miwili iliyotofautiana kidogo, mmoja kushoto na mwingine kulia. Aliyetazama aliona umbo moja lililosimama hewani. Kifaa hicho alikiita stereoskopu. Picha za kamera zilikuwa bado hazijatangazwa hadharani, ndiyo maana alitumia michoro ya mistari.

Mwaka 1849 Mskoti David Brewster alileta kisanduku kidogo chenye lenzi badala ya vioo. Kilimpendeza Malkia Victoria katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, na visanduku vya aina hiyo vikauzwa kwa wingi. Brewster hakuridhika na umaarufu huo. Mwaka 1856, katika gazeti la The Times, alidai kuwa wazo la stereoskopu lilikuwa la mwalimu mmoja wa Edinburgh. Lakini kifaa cha mwalimu huyo kilitengenezwa baada ya Wheatstone kuchapisha kazi yake. Wheatstone, aliyeshindwa kusema mbele ya watu, kwa kalamu hakushindwa: alijibu kwa ukali. Kwa maoni yetu haki ilikuwa upande wake, ingawa ni lazima tukiri kwamba vifaa vya leo vinafuata zaidi njia ya lenzi ya Brewster.

Na lenzi hizo ndizo zinazowachanganya wengi. Skrini iko sentimita chache tu kutoka machoni, lakini lenzi huifanya picha ionekane kama iko mita moja au mbili mbele. Asiyeona mbali vizuri, ambaye kwa umbali huo huona ukungu, ataona ukungu ndani ya kifaa pia. Anayevaa miwani ya kusomea tu mara nyingi anaweza kuivua. Wengine wabaki na miwani yao, mradi isigusane na lenzi za kifaa, kwani zote mbili zitachubuka, au waagize lenzi za kupachika zilizotengenezwa kwa vipimo vyao. Kitufe cha kusogeza lenzi hurekebisha nafasi kati ya macho mawili, si nguvu ya kuona.

Kuna jambo ambalo hakuna miwani inayolitibu. Mwaka 1852 Wheatstone alionesha majaribio yaliyotenganisha kugeuka kwa macho kuelekea kitu na ukubwa wa picha inayoingia machoni. Katika vifaa vya leo macho hugeuka kufuata vitu vya karibu na vya mbali, huku picha yenyewe ikibaki kwenye umbali uleule mmoja. Ndiyo maana hata mwenye macho mazima huchoka.

Wheatstone alipewa cheo cha Sir mwaka 1868, mwaka aliofariki Brewster. Yeye alifariki Paris, Oktoba 19, 1875, akazikwa London. Mafundi umeme wengi wanamjua kwa saketi iitwayo daraja la Wheatstone. Hiyo ilibuniwa na Samuel Hunter Christie, na Wheatstone mwenyewe alisema hivyo.