Johannes Rebmann: aliona theluji kwa macho, vitabu vikakataa

Siku hizi mwanafunzi wa Kasugho akipata rezo kwenye telefone na kutafuta habari za mulima ao ziwa fulani, mara nyingi ukurasa wa kwanza unaotokea ni wa Wikipedia, ile ansiklopedia ya intaneti ambayo kila mutu anaweza kuandika ndani yake na kusahihisha ya mwenzake. Wengi wanajiuliza: kitabu kilichoandikwa na watu wote, mutu akiamini namna gani? Swali hilo si la leo. Kuna muzungu moja aliyekufa mwaka wa 1876 ambaye lilimusumbua kwa miaka mingi, na kisha yeye mwenyewe akaangukia ndani yake.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Alisomea kazi ya misioni kule Basel, Uswisi, kisha akaingia katika Church Missionary Society, misioni ya Waingereza. Mwaka wa 1846 akafika Mombasa, akamukuta Mujerumani mwenzake Ludwig Krapf. Wakajenga Rabai, kwenye vilima nyuma ya muji. Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Lakini Rebmann alikuwa mutu wa kuuliza na kuandika: maneno ya luga, majina ya mito, njia za misafara.

Mwezi wa nne 1848 alifunga safari ya kwenda Uchagga, akiongozwa na Bwana Kheri, musafiri wa pwani aliyejua njia. Asubui ya tarehe 11 Mei akaona juu ya mulima kitu cheupe sawa wingu. Akauliza ni nini. Muongozi akamuambia ni baridi, basi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji, sababu kwao Ujerumani aliizoea. Wenyeji walikuwa na habari zaidi. Walieleza kwamba zamani watu walidhani ni feza, wakapanda kuifuata, na wengi hawakurudi. Na kwamba kile kitu cheupe, kikiletwa chini ndani ya chombo, kinageuka maji. Mutu akitaka ushuhuda wa theluji, aongeze nini tena hapo?

Habari hiyo ilichapwa mwaka wa 1849 katika gazeti la misioni, kule London. Ikaleta matata. William Desborough Cooley, mutaalamu wa jeografia ambaye hakukanyaga Afrika ya ndani hata siku moja, alikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, macho ya misionere yalimudanganya. Cooley hakuwa mutu mudogo. Alikuwa amekwisha kuandika historia ya safari za uvumbuzi ndani ya ansiklopedia kubwa ya Lardner, na mwaka wa 1852 akatoa kitabu juu ya Afrika ya ndani, alichokitunga kwa kulinganisha maandishi na maneno ya wasafiri. Jina lake lilikuwa na uzito. Krapf pia aliona theluji ya mulima Kenya mwezi wa 12 mwaka wa 1849, lakini naye alihesabiwa kuwa misionere tu.

Wikipedia ina sheria moja ambayo wengi hawaijui: kila neno linapaswa kuegemea kitabu ao gazeti lililokwisha kutoka. Kile mutu alichokiona mwenyewe, bila kuchapwa pahali, kinafutwa. Sheria hiyo ina maana, sababu bila hiyo kila muongo angeandika anavyotaka. Lakini tufikiri ukurasa wa Kilimanjaro kama ungekuwako mwaka wa 1852. Cooley angekuwa pale na kitabu chake. Rebmann angekuwa pale na gazeti la misioni, na wengi wangesema halina uzito. Bwana Kheri na Wachagga wasingekuwa pale hata kidogo, ijapokuwa wao ndio walijua kuliko wote. Wakaaji wa Mutwanga wanaweza kuelewa jambo hilo bila kuelezwa mara mbili: Wanande na Wakonjo walikuwa na neno lao nzururu kwa ile theluji ya Ruwenzori kabla Stanley hajaiona mwaka wa 1888 na kuiingiza katika vitabu.

Rebmann alipata haki yake polepole. Mwaka wa 1861 baroni Karl Klaus von der Decken alifika Kilimanjaro pamoja na mutaalamu wa mawe, Richard Thornton, wakaipima. Mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda kupita metre 4000.

Hata hivyo, hadisi yake haiko ya mutu mwenye haki dhidi ya wajinga. Kwa habari ya maziwa, Rebmann alikosea, na kosa lake linafundisha kuliko theluji. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya maneno ya wafanya biashara waliotoka bara. Waliofuata njia ya Kilwa walisema wanafika kwenye maji makubwa. Wa njia ya Ujiji vilevile. Wa kaskazini vilevile. Kila mumoja alisema kweli. Mwaka wa 1854 wale wamisionere wawili wakaunganisha yote: ni maji mamoja! Karte iliyotoka Ulaya mwaka wa 1855 na 1856 ilionyesha bahari moja katikati ya Afrika, ndefu na yenye kunenepa, sawa konokono asiye na ganda. Watu wa London walicheka umbo lake.

Kumbe yalikuwa maziwa matatu: Nyanza, Tanganyika, Nyasa. Waliosema hawakudanganya. Kosa lilikuwa katika kushona. Ndiyo ugonjwa wa kurasa nyingi zinazoandikwa na mikono mingi: kila fungu la maneno ni sawa likiwa peke yake, lakini aliyeyaunganisha hakufika pale.

Juu ya karte ile ile, Burton na Speke walitumwa. Walimutembelea Rebmann Rabai mwezi wa kwanza 1857, na mwezi wa pili 1858 wakafika Tanganyika, ziwa ambalo leo watu wa Uvira na Kalemie wanavua ndani yake. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akafika Nyanza. Konokono akakatwa vipande. Bila karte yenye kosa, pengine hakuna ambaye angetumwa kuisahihisha.

Rebmann mwenyewe alibaki Rabai. Muke wake Emma alikufa mwaka wa 1866. Mutoto wao alikuwa amekufa akiwa muchanga. Macho yakaanza kumuacha, yale yale ambayo Cooley alisema yanadanganya. Aliendelea na diksionere zake. Moja ilikuwa ya luga ya watu wa Nyasa, aliyoiandika kwa kumusikiliza Salimini, mwanaume aliyekamatwa utumwa kule na kuletwa pwani. Rebmann hakufika inchi hiyo hata siku moja. Maneno yote yalitoka katika kinywa cha Salimini.

Mwaka wa 1875, baada ya miaka 29, alirudi Ulaya akiwa karibu kipofu, akishikwa mukono na Isaac Nyondo wa Rabai. Alikufa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Diksionere ya Nyasa ilitoka mwaka wa 1877, Krapf akiwa ameitengeneza, na jina la Rebmann likiwa kwenye ganda. Cooley aliishi mpaka mwaka wa 1883, na juu ya theluji hakubadilisha neno lake.