Mzee wa Bambarre: siku 80 bila kutoka nyumbani



Wanaotengeneza gazeti letu waliniomba niandike maisha ya mtu mkubwa wa zamani. Wenzangu wa kalasi ya sita walinitajia wafalme na majenerali. Mimi nimechagua mzee mmoja mgonjwa, aliyekaa hapa hapa kwetu Kabambare na vidonda miguuni, kutembea hawezi. Jina lake mnalijua: David Livingstone. Lakini wengi wetu tunajua tu ile habari ya Stanley kumkuta Ujiji, kiisha kitabu kinafungwa. Habari ya Kabambare inarukwa, na ile ndiyo yetu.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, Blantyre, inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa akizunguka kuuza majani ya chai, mali hapana. Mtoto akiwa na miaka 10 alipelekwa kwenye kiwanda cha pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa mbili ya usiku, ni kusema saa 14, kiisha shule ya usiku mpaka saa ine. Kwa sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Sasa, atasoma wakati gani? Aliweka kitabu juu ya mashine yenyewe. Kila akipita mbele yake anachukua sentensi moja, anaendelea na kazi, akirudi anachukua nyingine. Kelele za mashine zilikuwa nyingi sana, lakini alizizoea, na baadaye aliweza kusoma hata katikati ya watoto wanaocheza au watu wanaoimba. Sisi huku mtu akikohoa tu wakati wa kujisomea, tunamwita prefe. (Nami ni prefe, najua ninachosema.)

Alisoma uganga na mambo ya dini, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Safari zake za kwanza sitazieleza, ziko mu vitabu vyote. Tuje kwa safari ya mwisho, aliyoianza mwaka 1866 juu ya kutafuta chemchemi za mto Nili. Mwaka 1867 wachukuzi wawili walikimbia na sanduku la dawa. Mtu aliye peke yake, tena bila dawa, ndiye aliyeingia Maniema. Tarehe 21 Septemba 1869 alifika Bambarre. Ndivyo alivyoandika jina la Kabambare.

Mwaka 1870 alijaribu kwenda kaskazini kufikia Lualaba. Watu wake walimkatalia, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Matope na mvua viliharibu miguu yake, vidonda vikala nyama, akarudi Bambarre tarehe 22 Julai. Tangu siku ile hakutoka nyumbani mpaka tarehe 10 Oktoba. Siku 80! Fikirini vizuri: barua hazifiki, rafiki wa lugha yake hakuna, na mwili unauma usiku kucha.

Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Mtu katika hali ile kichwa chake kinaweza kulala kabisa, kila siku sawa na jana, mpaka hajui tena tarehe. Yeye alikataa. Dawa za Ulaya hakuna, basi akajaribu jiwe la kijani la shaba, malakiti: alilisaga na maji juu ya jiwe, akapaka kwa unyoya wa ndege, na ndiyo iliyomsaidia. Wafanyabiashara Waarabu wakipita, aliwauliza majina ya mito, na maji yanakwenda upande gani, akaandika. Aliuliza juu ya nyani wakubwa wa pori letu, aliowaita soko, akaandika tabia zao. Kitabu alichokuwa nacho ni Biblia, na wakati wote aliokaa Maniema aliisoma mara ine, toka mwanzo mpaka mwisho.

Kiisha karatasi zikamwishia. Ingekuwa mimi, ningesema kazi imekwisha, nimepata sababu. Yeye alichukua magazeti ya zamani ya Uingereza, akayageuza, akaandika juu ya yale maneno yaliyokwisha kuchapwa, mistari ikivuka mistari. Wino nao haukuwako, akatumia rangi ya mbegu ambazo Waarabu waliziita zinjifuri.

Mimi nilipojifunza habari ile nilijaribu jambo dogo. Masomo ya historia niliyazoea kuyakariri kwenye benchi ile ile, kwa sauti ile ile, kama kasuku. Nikabadili: nikaenda kuyasimulia kwa mdogo wangu njiani tukichota maji, bila kaye mkononi. Nusu ya habari ilinikimbia pale pale! Kumbe sikuzijua, midomo tu ndiyo ilizijua.

Mwezi wa Februari 1871 watu kumi walitumwa kutoka Zanzibar wakamfikia, na tarehe 16 akaondoka Bambarre. Mwisho wa Machi alifika Nyangwe, upande wa Kasongo, penye soko kubwa kando ya Lualaba. Kungoja mtumbwi ilikuwa miezi. Hakukaa barazani bule. Alikwenda sokoni kutazama watu na vitu, na siku moja alihesabu zaidi ya watu 700 wakipita mlangoni pake. Ndiyo maana tarehe 15 Julai 1871 alikuwa pale sokoni, wakati watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipoanza kupiga bunduki katikati ya wanawake wenye vikapu. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Aliyaandika kwenye zile karatasi za gazeti. Habari ilifika Uingereza mwaka 1872, ikaongeza nguvu ya wale waliomsukuma Sultani Barghash, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Nisimsifu kupita kiasi. Kichwa kile kilichobadili wino, karatasi na dawa hakikubadili wazo moja: aliamini sana kwamba Lualaba yetu ni Nili. Hapana. Stanley alitoka Nyangwe mwaka 1876, akaufuata mto, akafika Boma mwaka 1877: ni Kongo. Livingstone hakupata kujua. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 kwa Chitambo, inchi ya Zambia ya leo, na Susi na Chuma pamoja na wenzao wakamchukua mpaka Bagamoyo.

Zile karatasi za zinjifuri zilififia mpaka zikawa kama hazikuandikwa. Mwaka 2010 na 2011 wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maneno yakatokea tena. Wakaona pia kwamba baadaye, alipoyanakili katika kitabu chake kikubwa, mahali pengine alibadili habari ya Nyangwe. Kumbe yale ya kwanza, ya gazeti bovu na mbegu, ndiyo yaliyo karibu zaidi na siku yenyewe.