Thomas Odhiambo: Profesa aliyewajengea wadudu mji Kasarani

Mvua ikinyesha Baba Dogo usiku, asubuhi yake utaona vituko chini ya taa za barabarani. Mabawa ya kumbikumbi yametapakaa kwenye lami kama maganda ya njugu, watoto wanaokota waliobaki hai, na kuku wa jirani wameshiba kabla ya saa moja. Ukutani ametulia mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, na mama wa ploti anakataza mtu yeyote kumpiga kofi.

Huyo ndiye Nairobi fly. Jina lake linadanganya kwa sababu yeye si nzi hata kidogo, ni wa jamii ya mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo mwilini, na ukimponda kwenye ngozi ndipo unaamka na lengelenge kana kwamba umemwagikiwa maji moto. Anayemjua humpuliza aende zake, asiyemjua hujuta siku kadhaa.

Wengi wetu mtaani tunagawanya wadudu mafungu mawili tu, wanaouma na wanaochafua. Hukumu yao ni moja: kiatu, au dawa ya kupuliza. Kijana akionekana amechutama kando ya mtaro akimkodolea macho nyigu anayejenga nyumba ya tope, wasee watamcheka eti amekosa kazi.

Basi kumbe kuna Mkenya aliyefanya kuchutama huko kuwa kazi ya maisha yake, na dunia nzima ikamsikiliza. Alama aliyoacha haiko mbali. Toka Baba Dogo, vuka Outering pale Allsopps, shika Thika Road hadi Kasarani. Huko kuna mahali panaitwa Duduville, makao makuu ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Mwanzilishi wake ni Profesa Thomas Risley Odhiambo.

Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931, enzi ya ukoloni. Alisoma Maseno, kisha akavuka mpaka hadi Makerere, Uganda, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye vichwa vyepesi walikuwa wakielekea siku hizo. Baada ya masomo alipata kazi Uganda, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda.

Hapo ndipo alipopiga msasa jicho lake. Alishughulika na wadudu wadogo wa jamii ya kunguni wanaofyonza utomvu wa mimea. Ni wadudu ambao mkulima huona madhara yao kabla ya kuwaona wenyewe. Kuwatambua si mchezo. Wawili wanaweza kufanana kama pacha, tofauti yao ikawa ni kijinywele cha mguuni au umbo la kiungo kisichoonekana bila hadubini. Odhiambo alikusanya, akalinganisha, akachora, na alipokuta ambaye hajawahi kuandikwa popote, akampa jina.

Katika sayansi kuna desturi moja tamu. Anayekuwa wa kwanza kueleza aina mpya ya kiumbe, jina lake huandikwa baada ya jina la Kilatini la kiumbe hicho, pamoja na mwaka. Ndiyo maana hadi leo, katika orodha za wadudu zinazotumika Ulaya, Asia na Marekani, utakuta jina la Kilatini refu likifuatwa na neno moja la nyumbani kabisa: Odhiambo.

Mwaka wa 1959 alienda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Fikiria hali yenyewe. Ni mtu mzima mwenye kazi na makala zilizochapishwa, lakini ilimbidi aanze na shahada ya kwanza pamoja na vijana waliotoka shule juzi. Hakulalamika. Alimaliza shahada hiyo mwaka wa 1962, akaendelea hadi uzamifu, ambao alikamilisha mwaka wa 1965.

Msimamizi wake alikuwa Vincent Wigglesworth, bingwa wa kueleza jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani. Alitaka kujua homoni inayotoka katika tezi ndogo karibu na ubongo inafanya nini ndani ya nzige dume. Huenda wakati huo utafiti kama huo ulionekana ni wa kujifurahisha tu. Lakini nzige walipovamia Kenya mwishoni mwa 2019 na kuendelea 2020, uvamizi ambao nchi haikuwa imeuona kwa miaka 70 hivi, kila mtu alitaka kujua mdudu huyu anaishi vipi.

Wengi waliosoma nje wakati huo walishawishika kubaki huko. Maabara zilikuwa nzuri, mshahara mzuri, na Afrika haikuwa na mahali pa kufanyia utafiti wa kiwango walichozoea. Odhiambo alirudi mwaka huo huo wa 1965, akaanza kufundisha Nairobi.

Alichokuta kilimuuma. Mdudu wa Afrika alikuwa akisafirishwa hadi Ulaya, anachunguzwa huko, majibu yanaandikwa huko, halafu mkulima wa Homa Bay au Kitui anauziwa dawa ya kunyunyiza. Hakuna Mwafrika aliyehusika katikati. Mwaka wa 1967 alichapisha makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi kwa maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba bara hili linahitaji vituo vichache lakini bora kabisa, ambapo Waafrika watafanya utafiti wao wenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

Makala hiyo iliwafikia watu wenye uzito. Mmoja wao alikuwa mwanakemia Carl Djerassi, anayejulikana kwa kazi yake kwenye tembe za kupanga uzazi, ambaye alisaidia kuwashawishi wanasayansi wa nje waunge mkono wazo hilo. Mwaka wa 1970 ICIPE ikazaliwa. Usidhani ilianzia kwenye majengo ya vioo, ilianza kwa kubanana huko Chiromo, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpango ulikuwa kwamba mabingwa kutoka nje waje mara kwa mara kuelekeza utafiti, huku watafiti vijana wakiwa hapa hapa kila siku na wadudu wao.

Msukosuko haukukosa. Pesa nyingi zilitoka kwa wafadhili, na mfadhili hutaka kuona matokeo haraka: mdudu gani ameangamizwa, gunia ngapi zimeokolewa. Odhiambo alishikilia kwamba huwezi kumshinda adui usiyemjua. Kwanza ujue anakula nini, anazaaje, anavutwa na harufu gani. Mvutano huo ulimfuata miaka yote aliyoongoza kituo.

Ukitaka kuona maana ya msimamo wake, mtazame mbung'o. Mdudu huyu hatagi mayai mamia kama nzi wa nyumbani. Jike hubeba buu mmoja tu kwa wakati, akimlisha tumboni kwa aina ya maziwa hadi akomae. Anayezaa pole pole hivyo, ukipunguza majike wachache kila siku, jamii yake yote inatikisika. Kwa hiyo huhitaji ndege ya kunyunyiza sumu. Huko Nguruman, Kajiado, watafiti wa ICIPE walitengeneza mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, wakaweka chambo cha mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mbung'o hupenda rangi ile na harufu ile. Ni mtego ambao wafugaji wenyewe wanaweza kuushona na kuutunza.

Kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, Mbita, alianzisha kituo kingine karibu na mashamba ya watu. Ni katika eneo hilo ambapo baadaye watafiti walioongozwa na Zeyaur Khan walieneza mbinu ya vuta-sukuma: unapanda desmodiamu katikati ya mahindi, harufu yake inawafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, na nyasi za napier pembeni zinawavuta watoke shambani. Kituo hicho cha Mbita sasa kinaitwa kwa jina la Odhiambo.

Hakutaka kuwa nyota peke yake. Mwaka wa 1983 ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika walianzisha mpango wa kufunza wanafunzi wa uzamifu wa wadudu hapa barani. Mwaka wa 1985 aliongoza kuanzishwa kwa Chuo cha Wanasayansi wa Afrika, AAS, akawa rais wake wa kwanza. Makao yake yako Karen. Mwaka wa 1987 alituzwa Tuzo ya Afrika ya Uongozi wa kumaliza njaa, sambamba na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Mwanasayansi wa madudu akasimama bega kwa bega na rais wa nchi.

Aliondoka ICIPE mwaka wa 1994, na Hans Herren wa Uswisi akachukua usukani. Odhiambo aliaga dunia Nairobi mnamo Mei 26, 2003, akiwa na umri wa miaka 72.

Leo vijana wengi wanaopita Kasarani kwenda kutazama mpira hawajui Duduville ni nini. Si kosa lao, sura yake haiko kwenye noti wala kwenye graffiti za matatu. Lakini kazi aliyoanza nayo Kawanda bado haijaisha. Wanasayansi wameshawapa majina wadudu aina milioni moja hivi, na wanaamini wengi zaidi hawajaandikwa bado. Baadhi yao huenda wako hapa, kwenye vichaka vya kando ya mto, kati ya Lucky Summer na Korogocho, na hakuna aliyewahi kuwatazama mara mbili.

Siku hizi huhitaji hadubini ya Cambridge ili uanze. Simu inatosha. Piga picha, iweke kwenye programu ya iNaturalist, na watu wanaojua watakusaidia kumtambua. Au jiunge na Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira kilichoanza mwaka wa 1909.

Kwa hiyo mvua ijayo ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, usikimbilie kiatu. Chutama kidogo. Wakikucheka, waambie kuna mtu alianza hivyo hivyo, na jina lake limekaa kwenye orodha za wadudu dunia nzima.