Dick Tiger, bingwa aliyeanza kwa vipigo

Anayepima ukubwa wa bondia kwa rekodi isiyo na doa hatamweka Dick Tiger popote. Richard Ihetu, kwa jina lake halisi, alizaliwa mwaka 1929 Amaigbo, mashariki mwa Nigeria. Alipofika Uingereza katikati ya miaka ya 1950 alishindwa mapambano manne mfululizo. Aliyemtazama wakati ule hangemdhania bingwa.

Mwaka 1962 alimshinda Mmarekani Gene Fullmer na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa kati. Agosti 1963 walikutana tena Ibadan, mbele ya Wanigeria wenzake, na Fullmer hakuendelea baada ya raundi ya saba. Miezi michache baadaye Joey Giardello alimpokonya taji. Alilirejesha mwaka 1965. Mwaka 1966, akiwa na miaka 37, umri ambao wengi wameshatundika glavu, alipanda uzani na kumvua José Torres ubingwa. Bob Foster ndiye pekee aliyemshinda kwa nokauti, mwaka 1968.

Vita vilipozuka nyumbani aliiunga mkono Biafra, akairudishia Uingereza nishani iliyomtunuku. Alifariki Aba, Desemba 1971, kwa saratani ya ini.