Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, Baba wa Waliokataliwa

Kila tarehe 30 Aprili Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, padre aliyewapa makao na heshima watu waliokataliwa, wakiwemo wenye ulemavu wa akili.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1786 mjini Bra, kaskazini mwa Italia, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1811, kisha akahudumu katika kanisa la Corpus Domini mjini Torino. Tarehe 2 Septemba 1827 aliitwa kumpa sakramenti za mwisho mama mjamzito aliyeugua akiwa safarini na mumewe na watoto wao. Hospitali moja ilikuwa imemkataa kwa sababu ni mjamzito, nyingine kwa sababu ana homa. Mama huyo akafariki dunia. Padre Cottolengo alitambua kwamba kila nyumba ilifuata kanuni zake, na kanuni hizo zote kwa pamoja zilimwacha mtu nje.

Januari 1828 alifungua vyumba vichache vya wagonjwa. Vilipofungwa mwaka 1831 kwa hofu ya kipindupindu, hakukata tamaa. Tarehe 27 Aprili 1832 alianza upya huko Valdocco, pembezoni mwa mji, akaiita Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu. Walipokelewa yatima, viziwi, na wagonjwa wa kifafa, ambao hata katika milima yetu ya Mahenge walikuwa wakitengewa vyombo vya kulia. Aliwapanga wote katika makundi aliyoyaita familia. Wenye ulemavu wa akili wakajulikana humo kama Wana Wema.

Alifariki dunia tarehe 30 Aprili 1842. Papa Pius XI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 19 Machi 1934. Leo Mabruda wa Cottolengo wanaendeleza karama yake hata Chaaria, Meru, nchini Kenya, wakiwatibu wagonjwa na kuishi na Wana Wema.

Nasi wa Masagati tujiulize: ni mama gani hukosa Misa na jumuiya kwa sababu mwanawe hupiga kelele, naye anaogopa macho yetu? Ni mtoto gani hajaandikishwa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa kuwa tumesema haelewi? Papa Benedikto XVI, katika Wosia wa Kitume Sacramentum Caritatis wa mwaka 2007, alifundisha kwamba wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kuimarishwa wapewe Komunyo kila inapowezekana, kwani wanaipokea pia katika imani ya familia zao na ya jumuiya inayowasindikiza. Basi, imani hiyo inatudai sisi. Jumuiya ndogo ndogo zikasali katika nyumba hizo, wazazi wapumzishwe kwa zamu, na katekista aanze na mtoto kwa kadiri ya uwezo wake.

Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo, utuombee.